Chungu Kimenyooka, Bibi

Ilianza Jumatano, saa tisa na dakika kumi alasiri, barazani kwa bibi, Ulemo. Saa naijua kwa sababu niliisoma juu ya simu ya dada nilipoinama kuangalia picha. Dada huyu ni mtoto wa mama mkubwa, anafanya kazi saluni Singida Mjini, na siku ile alikuwa amekuja kuchukua gunia lake la mahindi. Simu yake haikosi bando, siyo kama ya mama. Alikuwa anatelezesha kidole tu: nguo, harusi, nguo, nywele, halafu kikombe.

Kikombe kilikuwa kinaanguka. Sijui nieleze vipi. Kilikuwa kimesimama mezani, kitako chake chote kimekaa, lakini ukikiangalia unaona kinaanguka upande wa kulia na mkono unataka kukidaka.

"Rudisha," nikasema.

"We! Kumbe unaongea?" dada akanicheka, akarudisha. Chini ya picha palikuwa na maelezo kwamba kikombe kimenyooka kabisa, ila mistari iliyochorwa ndiyo imelala, na macho yanaifuata mistari. Kulikuwa na vyombo vingine vya mfinyanzi huyohuyo. Bakuli lililoonekana halina mwisho, kama kisima. Sahani iliyoonekana imeyeyuka ukingoni kama mshumaa.

Bibi alikuwa chini ya baraza anachambua kokoto kwenye udongo. "Mnaangalia nini nyie?"

Dada akampelekea simu. Bibi akafuta vidole kwenye khanga, akaishika kwa mikono miwili, akaangalia muda mrefu. Halafu akaiinamisha simu upande wa kushoto ili kikombe kisimame. Simu nayo, kama zilivyo simu, ikageuza picha. Bibi akaiinamisha upande mwingine. Ikageuza tena. Dada alicheka mpaka akakaa chini.

"Aliyefinyanga hiki alikuwa amekunywa," bibi akasema, akarudisha simu na kurudi kwenye kokoto zake.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nakumbuka kipindi cha fizikia, siku mwalimu alipochora ubaoni mistari miwili, mmoja una mishale inayoingia ndani na mwingine inayotoka nje, akatuuliza upi mrefu. Darasa zima likasema wa pili. Akapima kwa rula, ikawa sawasawa. Wenzangu walicheka wakasahau. Mimi nilikaa na lile jambo siku nyingi, kwa sababu hata baada ya rula macho yangu yaliendelea kukataa. Nilijua ukweli na bado nikaona uongo. Sasa nikawaza: chungu kinaweza kufanya vile? Chungu cha hapa, cha udongo wa bibi?

Inabidi niseme mimi ni mtu wa namna gani, ndipo mambo mengine yaeleweke. Mimi siongei. Siyo kwamba sina la kusema, ninayo mengi, lakini yanabaki kichwani. Darasani najua jibu na sinyooshi mkono. Nikitumwa dukani nasimama pembeni mpaka muuzaji aniulize. Shangazi zangu wanasema huyu mtoto mdomo wake aliuacha tumboni kwa mama yake. Ndiyo maana likizo napenda kwa bibi. Bibi hakuulizi unawaza nini. Unamsalimia shikamoo, anaitika marahaba mke mwenza, kwa sababu kwa utani wake mimi na yeye tumeolewa na babu mmoja, ingawa babu mwenyewe alishafariki. Halafu anakupa kazi. Mnaweza kukaa mpaka mchana mnafinyanga bila neno, na hakuna anayeona vibaya.

Nilianza kumsaidia nikiwa darasa la tano. Nilikuwa naponda vigae vya vyungu vilivyovunjika, maana unga wake unachanganywa kwenye udongo mpya ili usipasuke. Baadaye nikawa nafinyanga vya kwangu. Lakini mpaka likizo ile ya Juni, nikiwa kidato cha tatu, hakuna chungu changu hata kimoja kilichowahi kuingia kwenye moto wa bibi. Vyote vilipinda. Bibi alikuwa anakiangalia kila kimoja kwa mbali, jicho moja kafumba, halafu anakichukua taratibu, anakivunja na kukirudisha kwenye beseni la maji kiwe udongo tena. Hasemi neno baya. "Bado," anasema.

Ana sababu. Bibi hana tanuri, anachoma kwenye shimo fupi nyuma ya nyumba. Vyungu vinapangwa kwa kuegemeana na vingine vinakaa juu, halafu unafunika kwa kinyesi cha ng'ombe kilichokauka na mabua ya alizeti. Chungu kilichopinda, moto ukishika, kinamlalia mwenzake. Miaka ya nyuma, kabla sijazaliwa, kimoja kililala hivyo kikavunja karibu vyungu vyote vya moto ule. Tangu hapo bibi ana sheria moja tu: kilichopinda hakiingii.

Na moto uliobaki kabla ya shule kufunguliwa ulikuwa mmoja, Jumamosi ya wiki iliyofuata. Nilitaka chungu changu kiwemo. Nilitaka vibaya sana. Na nilitaka kiwe kile cha kuanguka.

Sasa ona ujinga wangu. Mtu ambaye hajaweza kufinyanga chungu kilichonyooka anataka kufinyanga kinachoonekana kimepinda. Lakini ndiyo ilikuwa hesabu yenyewe: ili udanganyifu uwe udanganyifu, chungu lazima kinyooke kweli. Kikipinda kidogo tu, basi ni chungu kilichopinda, na vyungu vilivyopinda nilikuwa ninavyo vingi.

Nikaenda kwa mjomba. Mjomba ni mdogo wake mama, fundi ujenzi, anakaa nyumba ya pili kutoka kwa bibi. Nilisimama mlangoni kwake mpaka akaniona.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umetumwa?"

Nikatikisa kichwa.

"Umeona nyoka?"

"Naomba pima maji."

Pima maji ni lile rula nene la mafundi lenye kichupa cha maji katikati. Kitone cha hewa kikikaa kati ya mistari miwili, ukuta wako uko sawa. Mjomba aliniangalia. "Unajenga ghorofa?"

"Chungu."

"Chungu cha ghorofa," akasema, lakini akanipa. "Ukikivunja hicho kichupa, nitakujengea na wewe ukutani."

Nikafinyanga. Nilianza na kitako juu ya kigae, nikazungusha kamba za udongo moja juu ya nyingine, nikilainisha ndani kwa kipande cha kibuyu na nje kwa gunzi, kama bibi anavyofanya. Kila kamba niliyoongeza niliweka kibao juu ya mdomo na pima maji juu ya kibao. Kitone kikikimbia kushoto, nakandamiza kulia. Bibi alikuwa anaangalia kwa pembeni. Alisema kitu kwa Kinyiramba ambacho maana yake ni kwamba siku hizi watoto wanapima hata ugali. Lakini nilipomaliza mdomo, kitone kilikaa katikati kimetulia, nikazungusha kibao, kikakaa katikati tena. Nilihisi kama nimepewa zawadi.

Kesho yake, udongo ulipokuwa umeanza kukaza lakini bado una ubaridi wa maji, nilichora. Nilitumia udongo mwekundu uliokorogwa mwepesi kama uji, na unyoya wa kuku. Mstari mmoja shingoni, mmoja begani, mmoja tumboni. Kila mstari upande mmoja ulipanda na upande wa pili ukashuka, taratibu, usione ulipoanzia. Nilifanya kwanza kwa mkaa, nikafuta, nikafanya tena. Halafu nikarudi nyuma mpaka kwenye kamba ya nguo, nikageuka.

Kilikuwa kinaanguka!

Nikaenda karibu, nikaweka pima maji. Katikati. Nikarudi kwenye kamba ya nguo. Kinaanguka. Nilifanya hivyo mara nyingi, na kila mara nilikuwa nacheka peke yangu kwa pua. Nikakiweka kwenye mstari pamoja na vyungu vya bibi, kivulini kando ya ukuta, nikaenda kuchota maji.

Asubuhi yake nilipoamka nilikwenda kukiona hata kabla ya kunawa. Kilikuwa kimesimama. Sawasawa kabisa, chungu cha kawaida chenye mistari. Udanganyifu umeondoka.

Nikadhani rangi ikikauka inabadilika. Nikadhani labda jana lilikuwa jua la jioni. Nikachukua kibao na pima maji, nikaweka juu ya mdomo, na kitone kikakimbia mpaka mwisho wa kichupa kikagonga.

Chungu kilikuwa kimepinda kweli.

Bibi akatoka na kikombe chake cha chai, nikamsalimia, akaitikia, akakiangalia chungu changu kwa mbali, jicho moja kafumba. Nikamsubiri aseme bado. "Mke mwenza," akasema, "hiki kimesimama. Jumamosi kinaingia."

Nilikuwa nimengoja neno hilo tangu darasa la tano, na lilipokuja nilikuwa nimeshika pima maji mkononi.

Nilipokiinamia vizuri ndipo nikaona. Kwenye mdomo, upande ambao mistari ilikuwa imepanda, palikuwa na mabonyeo mawili mapana, yamelainishwa kwa maji. Gumba la bibi nalijua. Ni pana, na limekunjika ukucha tangu lilipobanwa na kinu. Nikaelewa yote. Bibi ana kawaida, kila jioni kabla jua halijazama anapita kwenye mstari wa vyungu vibichi na bakuli la maji, anaviaga. Ndivyo anavyoita, kuviaga. Anapitisha mkono, penye ufa anaziba, penye kuinama ananyoosha. Hafikiri hata. Akiwa anaviaga anaweza kuwa anaongea na jirani habari za msiba. Alifika kwenye cha kwangu, akakiona kinaanguka, mkono ukakinyoosha. Basi. Alikinyoosha kwa macho, na kwa kukinyoosha akakipinda.

Jioni ile nilikaa barazani nikamchungulia. Akapita. Kwenye cha kwangu akasimama, akakigusa kidogo begani kama unavyomrekebishia mtoto kola ya shati la shule. "Eeh, simama hivyohivyo," akakiambia. Kisha akaendelea.

Nilikaa kimya. Naandika hili kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilikaa kimya siku zile zote mpaka Ijumaa. Nilijiambia, si umetaka kiingie motoni? Kinaingia. Bibi alikuwa amefurahi. Nilimsikia anamwambia mama kwenye simu kwa sauti ile ya kupigia kelele simu, "Mtoto kaweza! Kimesimama kama askari!" Nani anaweza kwenda kumwambia mtu huyo kwamba mkono wake umekosea? Tena bibi yako? Tena mimi?

Ijumaa mchana tulikuwa tunahamishia vyungu karibu na shimo. Kulikuwa na mtungi mkubwa wa maji ambao mama mmoja mwenye hoteli ya chakula Misigiri alikuwa ameuagiza, mtungi mzuri kuliko vyote alivyofinyanga bibi mwaka ule, tumbo lake limeviringika huwezi kuona palipoungwa. Bibi akaupiga kofi la mapenzi. "Huu unakaa chini katikati," akasema. "Na hiki cha kwako kidogo nitakiweka juu yake. Kiote moto vizuri."

Nikauangalia mtungi. Nikakiangalia chungu changu. Nilikiona kinateleza kabisa, moto umeshika, kinalala, kinauvunja.

"Bibi," nikasema. "Chungu changu kimepinda."

"Kilikuwa kimepinda," akasema bila kugeuka. "Nilikinyoosha."

"Kilikuwa kimenyooka. Ulikipinda."

Akageuka. Mimi mwenyewe nilishtuka. Maneno yalitoka yamevaa nguo chache mno, sikuongeza hata samahani. Mjukuu hamwambii bibi yake hivyo. Nilitaka ardhi inimeze, nikaangalia vidole vya miguu.

"Mimi?" bibi akauliza. "Mimi nimepinda chungu?"

Nikaenda kuleta pima maji, kwa sababu hicho ndicho nilichoweza kufanya badala ya kuongea. Nikaweka kibao, nikaweka pima maji, nikamwonyesha kitone kilipokimbilia. Bibi akaangalia kitone, akaangalia chungu, akafumba jicho moja.

"Hiyo ni ya mjomba wako?"

"Ndiyo."

"Ndiyo iliyojenga choo kile?" Akaelekeza kidole kwenye choo cha uani, ambacho kweli kimeegemea upande wa mnazi wa jirani, au tuseme mahali ulipokuwa huo mnazi kabla haujafa kwa baridi, maana mnazi huku kwetu Iramba ni tamaa tu. "Mtu anaingia humo anashika ukuta. Na wewe unakuja kunipimia na hiyo."

Mjomba alikuwa anapita na toroli. "Mama, nakusikia!"

"Nataka unisikie!"

"Choo kilititia kwa sababu ya mvua. Kipimo hakina kosa." Akaliacha toroli akaja. Akaweka pima maji kwenye chungu kingine, cha bibi. Katikati. Akaweka kwenye mtungi. Katikati, kama umechongwa. Akaweka kwenye cha kwangu. Kitone kikakimbia. Akakiangalia chungu changu, akachuchumaa, akafumba jicho moja kama mama yake. "Lakini mbona kimenyooka?" akasema. "Aisee. Mbona kimenyooka?"

Hapo bibi alifanya jambo ambalo sikulitegemea. Alikaa chini, akakivuta chungu mapajani, akafumba macho yote mawili. Akaweka viganja kwenye mdomo wa chungu, akakizungusha polepole. Mzunguko mmoja. Wa pili. Uso wake ulikuwa umetulia kama anasikiliza redio. Halafu mkono ukasimama, palepale kwenye mabonyeo ya gumba lake. Akafumbua macho, akaangalia. Akafumba tena, akashika. Akafumbua.

"Loo," akasema.

Akaweka gumba lake kwenye bonyeo moja, likaingia.

"Nimekipinda mwenyewe." Akaanza kucheka. Bibi akicheka anacheka na mabega, sauti inakuja baadaye. "Nimekipinda mwenyewe jamani! Miaka yote hii! Mikono yangu!" Akakiinua chungu akamwonyesha mjomba. "Huyu mtoto kanitega, na mimi nikaingia kama kware." Halafu akaniuliza, na sasa alikuwa anataka kujua kweli, "Ulifanyaje?"

Nikamweleza. Sijawahi kuongea mfululizo vile mbele ya watu wawili. Nilieleza habari ya mistari, kikombe cha kwenye simu, mwalimu wa fizikia na mishale yake. Bibi alikuwa anafuata mstari wa shingoni kwa kidole. Mjomba akasema, "Kwa hiyo mtu anaweza kupaka choo rangi kikaonekana kimenyooka?" Bibi akamwambia aondoke na toroli lake.

Lakini sheria ni sheria. Kilichopinda hakiingii, hata kama aliyekipinda ni mwenye sheria. Bibi alikishika muda, halafu akanipa mimi nikivunje, akasema siyo haki akivunje yeye. Nikakiweka kwenye beseni la maji. Kilibubujika kidogo, mistari ikaondoka ikawa wekundu ndani ya maji, kisha kikalegea. Sikulia. Nilikuwa nimechoka kama mtu aliyekimbia. Moto ulikuwa kesho, na chungu kibichi hakikauki kwa usiku mmoja. Basi, nikawaza, nitarudi shule hivyohivyo.

Jumamosi asubuhi nilimkuta bibi amekaa karibu na shimo, vyungu vyote vimekaa pembeni, mabua hayajaguswa.

"Shikamoo bibi. Hatuchomi?"

"Marahaba. Kuna upepo."

Niliangalia alizeti zilizobaki shambani. Hata moja haikutikisika. Moshi wa jirani ulikuwa unapanda umenyooka kama nguzo. Nikamwangalia bibi, naye akawa anaangalia kwingine kabisa, anajikuna mkono.

"Upepo huu," akasema, "unaweza kuchukua siku kadhaa. Mtu akifinyanga kidogo, chembamba, kinawahi."

Nikakimbilia udongo.

Hiki cha pili nilikifanya kidogo, kama cha kupikia mboga ya watu watatu, ukuta wake mwembamba. Mistari niliichora kwa ujasiri zaidi, na nikaongeza mmoja kwa ndani, chini kidogo ya mdomo, ulalie upande uleule. Bibi alikaa amenipa mgongo wakati wote. Nilipomaliza akasema bila kugeuka, "Kifunike."

"Bado hakijakauka, bibi, kitashika khanga."

"Weka vijiti. Kifunike, mke mwenza. Nikikiona nitakinyoosha. Najijua."

Basi chungu changu kikakaa wiki ile ya mwisho ya likizo kivulini kama bibi harusi, juu ya vijiti khanga ya zamani. Jioni bibi alipokuwa anaviaga vyungu, akifika kwenye cha kwangu alifumba macho, akaingiza mkono chini ya khanga, akapapasa mdomo mzunguko mmoja, akatoa mkono. "Kimenyooka," alikuwa anasema, kama vile kuna mtu mwingine aliyembishia. Na siku moja nilimwona anainua pindo la khanga kuchungulia, halafu mkono mwingine ukaja ukashusha pindo haraka.

Siku ya kuchoma alinipa nikipange mwenyewe. Alikaa mbali kidogo, akasema mikono yake haiaminiki kwa hiki. Nilikiweka juu ya mtungi wa mama wa Misigiri. Kutoka alipokaa kilionekana kinaporomoka, nilijua, kwa sababu nilimwona anajishika magoti. "Kimekaa?" akauliza.

"Kimekaa bibi."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Akaniangalia kidogo, halafu akasema, "Haya, funika." Tukafunika. Mjomba akaleta mabua mengine, bibi akawasha upande ambao upepo haukuwepo.

Moto wa vyungu hauna haraka. Kwanza moshi mzito unaowasha macho, halafu mabua yanashika, halafu inabaki ile nyekundu ya ndani ambayo huwezi kuiangalia muda mrefu. Nilikuwa nasikiliza tu. Chungu kikipasuka unasikia, kinapiga kama mtu kavunja kijiti. Kilipiga mara moja, upande wa nyuma, nikainuka. Bibi akasema, "Hicho ni cha uji, nilikifanya kinene mno. Tulia." Hakuna kilichopiga tena.

Jioni bibi aliparua majivu kwa mti mrefu. Mtungi ulikuwa mzima. Juu yake chungu changu kilikuwa mahali nilipokiweka, kina doa jeusi la moshi ubavuni ambalo halikuharibu kitu. Mistari ilikuwa imeiva, nyekundu ya damu ya mzee. Kilipopoa bibi alinipa nikigonge kwa kifundo cha kidole. Kikaitika, tii, sauti safi.

Tukakipeleka barazani, tukamimina maji. Hapo ndipo mimi mwenyewe niliposhangaa, kwa sababu ule mstari wa ndani nilikuwa nimeuweka kwa kubahatisha. Maji yalitulia, na yalionekana yamelala upande. Maji! Bibi akachungulia ndani, akarudi nyuma, akachungulia tena.

"Sasa umepinda mpaka maji," akasema. Akamwita mjomba aje na kipimo chake. Mjomba akaja, akaangalia, akasema yeye kazi ya ufundi anaacha. Walikaa pale wawili wanabishana upande upi wa maji uko juu, mama na mwanawe, wakati wote wawili wanajua hakuna upande. Mimi niliegemea nguzo ya baraza. Nilikuwa nimeshiba bila kula.

Kesho yake asubuhi niliwahi kuamka. Chungu kipya lazima kipikiwe uji kwanza, mwepesi, uzibe vitundu, na uji huo haunywewi, unamwagiwa kuku. Niliwasha moto, nikapanga mafiga matatu, nikayapima kwa kibao na pima maji ambayo bado sikuwa nimeirudisha, nikateleka chungu changu kimejaa maji, nikaenda jikoni kwenye gunia kuchota unga wa mtama.

Niliporudi, maji yalikuwa yanamwagikia motoni, majivu yanaruka, na bibi amesimama kando ameshika mikono nyuma kama mwanafunzi. Figa moja lilikuwa limesogezwa.

"Bibi!"

"Si mimi," akasema. "Ni mkono."

Nikakishusha chungu kwa kitambaa, nikarudisha figa lilipokuwa. Nikamwambia, "Bibi, kaa kule, tazama barabarani." Akakaa, akatazama barabarani. Nikajaza maji upya, nikaweka unga, nikaanza kukoroga.